Taa za Landrova ya Jilala

Kabla hajawa mzee wa kuambiwa apishe, Jilala wa kule Didia alikuwa dereva wa ushirika wa pamba, na enzi hizo dereva alikuwa mtu. Gari lake likionekana na vumbi lake kwa mbali, wanawake walitenga maziwa na wanaume waliacha jembe shambani kwenda kuuliza habari za mjini. Ushirika ukafa, kama vilivyokufa vitu vingi vilivyokuwa vya wote. Wengine walipewa kiinua mgongo, wengine ahadi. Jilala alipewa Landrova ya dizeli, aina ya mia na tisa, ile ile aliyokuwa akiiendesha, akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa mzazi wa kumtunza.

Landrova hiyo ilikuwa na kazi moja kila mwaka baada ya mavuno. Makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yalishindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na hapakuwa na mtu wa kukaa mezani kutoa alama. Upande waliohamia watazamaji ndio ulioshinda, basi. Jua likizama, Jilala aliwawashia Bagika wenzake taa mbili kubwa za juu ya bampa, na manju, kiongozi wa nyimbo zao, akaonekana mpaka jasho la kidevuni. Injini ilizimwa. Ngoma kubwa inapolia, hakuna kingine kinachonguruma. Hiyo ilikuwa heshima, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Siku hizi heshima inakodishwa pamoja na spika. Boaz, mtoto wa mdogo wake Jilala, alirudi kutoka machimbo ya Geita na viatu vyeupe na mipango. Alikuwa ameona sherehe za Kalangalala, huko huko Geita, ambako jenereta huwasha taa na mashine hupiga ngoma bila mtu kutoka jasho. Bagalu walikuwa wameshakodi yao. Akataka na Bagika wafanye hivyo. Jilala aliomba wampe mwaka huu tu. Boaz akakubali mbele ya kundi zima: taa za Landrova zikiwaka mpaka mwisho, ngoma itabaki kama ilivyokuwa. Zikizimika, wataleta jenereta na spika, na mzee asiseme tena.

Jilala alikwenda nyumbani akazijaribu. Swichi ikatoa moshi.

Ndipo alipoipeleka Landrova mjini Shinyanga kwa Salehe, fundi umeme wa magari tangu magari yakiwa na adabu. Salehe ni Mzaramo, kwa hiyo mtani wa Msukuma kama Jilala. Alifungua boneti, akanusa waya zilizoungua, akatikisa kichwa.

"Ungekuwa unakula chakula cha watu badala ya hiyo michembe yenu ya viazi vikavu, mtani, ungejua umeme wote huu haupitishwi kwenye kijiti cha swichi kama hiki."

"Nanyi mngekuwa mnajua magari," Jilala akajibu, "babu zenu wasingekuja kwetu kwa miguu."

Wakacheka, halafu Salehe akafanya kazi. Alifunga rilei pembeni mwa betri, akavuta waya mnene kutoka betri hadi kwenye rilei, akauwekea fyuzi, kisha akauendeleza mpaka kwenye taa, akazitia balbu mpya. Swichi akaiachia waya mwembamba tu. Alieleza kwamba ni kama mwano, lile yowe la Wasukuma: mmoja hulia mlangoni kwake, na kijiji kizima hutoka na mikuki. Swichi hupiga yowe dogo, rilei hulisikia, na nguvu yenyewe hutoka kwenye betri. Jilala akabonyeza. Kitu kikalia tak, na ukuta wa gereji ukawa mweupe kama robota la pamba. Mzee alisimama akiutazama kwa muda mrefu.

Salehe alimwonya kwamba balbu hizo mpya zinakula umeme kuliko zile za zamani, na betri ni mzee mwenzake, kwa hiyo asiziwashe hata kidogo bila injini kuunguruma. Jilala alisikia. Asidhani mtu kwamba hakusikia.

Siku ya ngoma ilifika, jua likazama, akawasha taa. Watu walijaa upande wa Bagika mpaka Apolonia, mke wake, akasogeza kigoda chake mbele asikanyagwe. Ngoma kubwa ikalia. Jilala akazima injini.

Ilikuwa kama zamani. Manju alitupia Bagalu maneno makali, watu wakashika mbavu. Kisha weupe wa taa ukageuka manjano. Boaz akaja mbio hadi dirishani.

"Baba mkubwa, washa injini."

"Ngoma inalia."

"Taa zinazimika, baba mkubwa. Watu wataondoka."

"Ngoma inalia, Boaz. Huisikii?"

Manjano ikawa nyekundu. Rilei ikaanza kutetemeka, tik-tik-tik, kisha ikanyamaza, na giza likawafunika. Mpigaji hakuacha kupiga. Kwa muda watu nao walisimama, wengine wakiimba. Lakini ng'ambo ya pili, kwa Bagalu, taa za jenereta zilikuwa zinawaka tu, na mmoja akaondoka, kisha ukoo mzima. Hawakukimbia. Walikwenda taratibu, kwa aibu kidogo, kama watu wanaotoka msibani mapema.

Boaz hakumcheka mzee. Aliwaita wachezaji, wakaisukuma Landrova na njuga zao miguuni, mpaka injini ikakohoa na kushika. Rilei ikalia, taa zikawaka kwa nguvu zote. Zikamulika vumbi, manju akivua njuga, na Apolonia peke yake kwenye kigoda, mkono juu ya macho. Injini ilikuwa ikinguruma, na hapakuwa tena na ngoma ya kuiheshimu.

"Mwakani jenereta tutaiweka mbali," Boaz alisema kwa upole, "kule nyuma ya shule. Haitasikika."

"Itasikika," alisema Jilala.