Nafasi Mbili za Darasa la Tano

Nilipokuwa darasa la nne nilikuwa na vitanda viwili, na vyote viwili sikuwahi kuvilalia. Kimoja kilikuwa Bukoba, katika shule ya serikali, karibu na mlango. Kingine kilikuwa katika shule ya misheni, chini ya dirisha la kioo, na hicho ndicho nilichokipenda zaidi. Nilikuwa nimeshapanga hata upande wa kuweka kichwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Shule yetu ya kanisa pale Rugera iliishia darasa la nne: kuta za udongo, mwalimu mmoja, madarasa manne katika chumba kimoja, tumepeana migongo. Aliyetaka la tano ilibidi atoke nyumbani. Shule ya serikali ilichukua kwa mtihani, wavulana wawili tu kutoka Karagwe nzima, na baraza la chifu likawalipia. Shule ya misheni, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, ilikuwa ya karo. Huko walisoma watoto wa makarani na wafanyabiashara waliotoka Bukoba na Muleba. Walivaa viatu hata siku ambazo si Jumapili. Walianza Kiingereza siku ya kwanza, na watu walisema ndio wanaofika mpaka chuo kikubwa cha Uganda.

Baba hakujua kusoma, lakini alitaka mimi nijue zaidi ya mwalimu wangu. Mtihani hakuuamini.

"Sioni uso wake," alisema. "Nataka kuongea na mtu."

Basi mama akatengeneza akamwani, ile kahawa ya kutafuna: buni mbichi zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa mpaka zikauka. Akaitia katika kikapu kidogo chenye mfuniko. Kwetu, wazee wa rika la baba hawakuwa wakiomba jambo kubwa bila kufungua kikapu kama kile. Asiyetaka ombi lako anakisogeza kando polepole, kwa heshima, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Akitafuna, amekubali. Na akishakubali, huwezi tena kupeleka ombi lilelile mlango mwingine. Utakuwa umemtukana.

Mwalimu mkuu wa ile shule alitoka mbali, upande wa Kilimanjaro. Alitukaribisha vizuri ofisini. Kiswahili cha baba kilikuwa cha kuuzia kahawa tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Baba alieleza shida yake, kisha akafungua kikapu na kukiweka juu ya meza, katikati ya makaratasi.

"Hii nini, mzee?"

"Kahawa. Tafuna, bwana."

"Kwetu kahawa tunakunywa."

"Na sisi tunakula," baba akasema. "Meno unayo, nayaona."

Mwalimu mkuu akacheka, akachukua buni mbili, akatafuna huku amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa. Kisha akaandika jina langu katika daftari, akasema, "Nimemwandika pamoja na wengine wanaoomba. Nafasi ikipatikana, mtapata barua yetu kabla ya Krismasi."

Nilimtafsiria baba yote, neno kwa neno. Lakini baba hakuwa akisikiliza maneno. Alikuwa anatazama taya za yule bwana.

Njia nzima ya kurudi alikuwa mwepesi kama kijana. Alinisimamisha juu ya kilima akanionyesha bati la shule linavyong'aa kule nyuma.

"Hapo ni kwenu sasa," akasema.

Mtihani wa serikali niliufanya hata hivyo, kwa sababu mwalimu wetu hakuruhusu mtu kubaki nyumbani. Wiki mbili kabla ya Krismasi karani wa baraza akaja kwa baiskeli kutoka Kayanga. Mwalimu akanituma nimwite baba. Nilikimbia mgombani nikamkuta anakata majani makavu, tukaja naye akiwa bado na kisu chake mkononi.

"Mzee, mshukuru Mungu," karani akasema kwa Kinyambo. "Wawili Karagwe nzima, na huyu wako ni mmoja. Nataka neno lako tu, niandike."

Baba alitabasamu, nikajua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Nashukuru sana. Lakini mtoto ameshapata kwao. Mpeni mwingine."

"Kwao wapi?" mwalimu akauliza.

"Misheni. Mkubwa wao alitafuna kahawa yangu."

Karani akaangua kicheko. "Mzee! Unaposa shule?"

"Barua je?" mwalimu akasema. Alikuwa hacheki. "Wamekuandikia barua?"

"Barua ya nini, mwalimu? Mtu ametafuna mbele yangu. Sasa mimi nipokee na hapa, kesho aniite nani? Mwongo?"

"Mzee, yule ni mtu wa mbali. Desturi hii haijui," mwalimu akasema.

"Ana mdomo, na aliutumia."

Mwalimu akanigeukia mimi. "Na wewe? Wewe ndiye uliyesikia alichosema. Sema."

Hapo ndipo ninaporudi mara kwa mara nikiwa peke yangu. Nilikuwa nimesikia. Nilijua kwamba yule bwana alisema nafasi ikipatikana, na kwamba Krismasi ilikuwa inakaribia bila barua. Lakini nilifikiria lile dirisha la kioo. Nilifikiria viatu. Nikatazama chini, nikasema, "Baba anajua."

Karani akaandika. Nafasi ikapewa mvulana wa Kyerwa aliyekuwa wa tatu.

Januari tukaondoka kabla jua halijapanda. Baba alijitwika sanduku la bati tuliloazima kwa jirani. Hakutaka nilibebe mimi, alisema nitafika nimechoka nishindwe kusoma. Tulipoingia uwanjani wavulana walikuwa wamejipanga na mwalimu mmoja anaita majina kutoka kwenye orodha. Kila aliyeitwa alikwenda kusimama upande wa kulia. Mimi nilikuwa nimeshachagua wa kusimama naye. Majina yakaisha. Upande wa kushoto tukabaki mimi, baba na sanduku.

Mwalimu mkuu alipotuona alihitaji muda kutukumbuka. "Ah, mzee wa kahawa! Shikamoo, mzee." Kisha akaona sanduku, na uso wake ukabadilika. "Lakini hatukukuandikia."

Baba akanitazama nimtafsirie. Nikamtafsiria.

"Mwambie alitafuna," baba akasema.

Nikamwambia. Yule bwana alikuwa mtu mwema, nataka niliseme hilo. Aliweka mkono begani kwa baba, akasema polepole ili hata baba aelewe, "Nilitafuna kwa kukuheshimu, mzee wangu. Nafasi zilikuwa chache, na wengi walioomba ni watoto wa watu tunaofanya nao kazi. Najuta sana."

Baba hakubisha. Alisema "asante" kwa Kiswahili, akajitwika sanduku. Njiani alitangulia, na juu ya kile kilima hakugeuka kutazama bati. Nami nilijaribu kumchekesha, nikamwigiza yule mwalimu wa orodha anavyovuta majina puani. Hakunigombeza wala hakucheka. Nikaacha.

Kuanzia siku hiyo baba alipungua. Alikuwa akiacha chakula nusu, na jioni alikaa nyuma ya nyumba badala ya mbele, ili wapitao wasimsalimie. Mama akaenda kwa mwalimu kimya kimya. Mwalimu akaandika barua kwenda Bukoba kuomba ile nafasi irudi, au nipokelewe mwaka utakaofuata. Tukasubiri mpaka mvua kubwa zikaanza.

Jibu lilipokuja mwalimu alilileta mwenyewe. Bahasha ilikuwa imefunguliwa, kwa kuwa ilikuja kwa jina lake. Alitaka kulieleza kwa mdomo, lakini baba akamzuia.

"Asome mwanangu. Miaka minne nimempeleka, nisikie."

Nikaipokea. Ilikuwa fupi, imepigwa kwa mashine, kwa Kiswahili. Ilisema kwamba nafasi ya mtoto huyu ilikataliwa na baba yake mbele ya karani wa baraza. Kwamba kama isingekataliwa, mtoto angekuwa shuleni sasa. Kwamba mwaka ujao umri wake utakuwa umepita, na ombi lisiletwe tena.

Niliisoma kwanza kwa macho. Nikainua kichwa, nikamwona baba ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake, mdomo wazi kidogo, anasubiri.

Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri kwa Kinyambo. Nikasoma kwamba mabwana wa Bukoba wanasikitika. Kwamba mwaka ule walioshinda walikuwa wengi kuliko vitanda, na majina yalipunguzwa kulekule Bukoba. Kwamba wa Rugera alikuwa ameshaondolewa kabla karani hajapanda baiskeli yake. Nilikuwa nikisitasita mahali pa kusitasita, na kidole changu kinafuata mistari.

Baba akainua kidevu kwenye fimbo. Kisha akauliza, "Basi hata ningekubali siku ile?"

"Hata ungekubali, baba. Nafasi haikuwepo."

Akamgeukia mwalimu. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

Mwalimu alikuwa anatazama karatasi mkononi mwangu. Nilisikia mvua inagonga majani ya migomba. Nilidhani ataniumbua.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee," akasema.

Baba akapumua. Akamwita mama alete chakula, akala akamaliza, akaomba kingine. Siku zilizofuata alirudi kukaa mbele ya nyumba, na kila aliyepita alimweleza jinsi watu wa Bukoba walivyokosa vitanda. Aliniita nithibitishe, nami nilithibitisha. Darasa la tano sikuliona. Barua mwalimu aliikunja akaitia mfukoni siku ileile, akaondoka nayo kwenye mvua bila kusubiri ipungue.