Nilivyovuka Mto Nikatokea Kwenye Ubatizo

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kiptere, na nina kashamba ka chai. Jumamosi lori la kubeba majani ya chai lilikuwa limeshafika kituo cha kuuzia, ng'ambo ya mto. Daraja liko mbali, na niliapa majani yangu hayalali nyumbani. Nikajitwika gunia, nikaingia maji ya kifuani, macho kwenye lori tu. Kila hatua ya mbele, mto uliniongezea nyingine ya kando. Sikurudi nyuma, mimi! Nikatokea ng'ambo, lakini chini kabisa mto unakoelekea, katikati ya ubatizo. Pasta akaninyooshea mkono, akidhani nimeitika wito. Chebet, mwanafunzi wangu, alikuwa kwenye foleni ya kubatizwa.

"Mwalimu," akasema kwa heshima, "jana ulinipa sifuri kwa kusahau kasi ya mto."