Aliyepita Polepole Mbele ya Baraza Langu

Juma hili nilitaka kuwaandikia juu ya vitambaa vinavyoletwa siku hizi, vile vinavyopauka jua la kwanza tu, kwa maana kushona ndiyo kazi ninayoijua na mwenye gazeti hunipa nafasi hii niseme ninayoyajua, yeye akininyooshea herufi. Lakini Jumatatu asubuhi mama mmoja muuza mihogo alisimama barazani pangu, hapa mtaani Kamalondo, akaniambia: «Fundi, umesikia? Kushoto amekufa.» Nikamuuliza Kushoto gani, kama vile kuna wengine. Akaniangalia mguu, akaangalia fimbo yangu, akajitwisha mihogo yake akaondoka. Basi vitambaa vingoje. Nitawaeleza habari za huyu mtu, na mkiona nazunguka zunguka mnisamehe. Neno lenyewe nalijua, ila ni zito kulifikia.

Kushoto si jina alilopewa na padri. Ni jina alilopewa na mji huu siku zile aliporudi kutoka Rodezia. Alikuwa mtu wa upande wa Lukafu. Akaenda Ndola akiwa kijana, akamwendeshea kamyo ya mizigo mzungu mmoja mwenye shamba mpaka mzungu akazeeka, akauza vitu vyake arudi Bulaya. Kushoto akanunua kwake kamyo ndogo, nzee, usukani wake upande wa kulia kama kawaida ya Wangereza, ambao hupita kushoto mwa barabara, nasi huku hupita kulia, akapita nayo mpaka wa Sakania akiimba. Alidhani shida imebaki nyuma. Alipanga chumba nyuma ya nyumba yangu, akaweka kamyo uani, kuku wangu wakaanza kulala ndani yake. Nia yake ilikuwa kuleta unga na maharage ya Lukafu sokoni. Lakini kamyo haikutoka uani, kwa sababu ya makaratasi.

Mnijue kwanza: mimi shule niliiona kwa mlango tu. Lakini nilishona suruali za makarani wengi wa mji huu, na karani huwezi kumwogopa ukishampima kiuno. Kwa hiyo Kushoto alikuja kwangu. «Yaya,» akaniambia, kwa heshima ya kaka mkubwa, «weye unajua bantu ya bureau. Permi yangu iko muzuri, iko na muhuri ya Bangereza. Juu ya nini banaikataa?» Nikavaa koti, tukaenda. Karani, mteja wangu, aliishika ile permi ya Ndola, leseni yake ya kuendesha, kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. «Hii ni ya Rodezia,» akasema. «Huku unaanza kama mutoto ya tumbo.» Kushoto akamwambia ameendesha miaka mingi kuliko umri wa karani mwenyewe. Karani akacheka. «Iko vile. Lakini uliendesha upande ya bure.»

Siku ya mtihani nilikuwepo, nimekaa nyuma juu ya magunia, maana Kushoto alisema bila mimi atatetemeka. Bwana wa polisi aliyekuja kumpima alikuwa mnene, na alizoea kukaa kulia kwa shofere, pembeni pa barabara, penye raha. Kulia akakuta usukani. Ikambidi apande kushoto, na kwetu kushoto ndiko katikati ya barabara, magari yote yanakuja yakimtazama usoni. Nilimwona mguu wake wote ukikanyaga sakafu akitafuta frein, breki ambayo haikuwepo. Kushoto aliendesha vizuri mpaka mbele ya posta. Pale penye kuzunguka, mkono wake wa Ndola ukamshinda, akazunguka kwa kushoto, tukakutana uso kwa uso na bisi ya abiria. Bwana akapiga kelele kwa Kiswahili cha kizungu: «Kushoto hapana! Huku kushoto kwisha kufa!» Watu wa posta walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile jina lake likawa Kushoto.

Jioni hakula. Nilimhurumia, nikachukua kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye pazia za mama mmoja, nikamfunga mkono wa kulia. «Huu ndiyo mukono ya Kongo,» nikamwambia. «Ukisahau, angalia wekundu, fuata.» Akajifunza hivyo, asubuhi kwa asubuhi, na mtihani wa pili akashinda. Tulirudi nyumbani anapiga honi kwa kila mti. Ndipo mimi, kwa kiburi cha kuwa na rafiki mwenye permi, nikatoa makasi nikakata kile kitambaa. «Sasa uko mukubwa,» nikasema, «utabeba kamba kama mutoto mugonjwa?» Akajishika mkono mahali pale, kama mtu aliyevuliwa saa.

Ikabaki asiransi, bima ya motokari. Nyumba ya asiransi ilikuwa mjini kwa wazungu, na mwenye kututafsiria alikuwa kijana wa Kasai, karani mpole, viatu vinang'aa. Bwana alisema maneno mengi, kijana akayafupisha. «Unalipa kila mwaka. Ukigonga muntu, nyumba hii inamulipa. Lakini usikie vizuri: ukigonga, nyamaza. Usiende kwake. Usimwombe rehema. Usimutumie hata kuku. Ukisema ‘nilikosa’, asiransi inakufa, na ule muntu hapati kitu.»

Kushoto akafikiri. «Na kama anakufa? Nisiende kwa kilio?»

Kijana akamgeukia bwana. Bwana akatikisa kichwa. «Hata kwa kilio,» kijana akasema, na akaangalia viatu vyake.

«Basi hii mukanda ya karatasi inanipa feza ya kulipa na inaniondolea bantu,» Kushoto akasema. Lakini alitia sahihi. Njiani tulifanya mzaha. Aliniuliza akimgonga mama mkwe wangu itakuwaje. Nikamwambia: «Ule ukimugonga, usinyamaze! Kuja mbio nikununulie pombe.» Tulicheka. Naomba mkumbuke kwamba tulicheka, na kwamba ile amri niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe, sikuhadithiwa.

Masika hayakuwa yamekwisha. Nilikuwa nimesimama pembeni karibu na soko, upande wa kushoto, nina furushi la kaki begani. Kamyo ya Kushoto ikaja na unga. Kinga moja, baiskeli hizi zetu, ikachomoka kwenye ua, mwenye kinga hakuangalia, na Kushoto akashtuka. Mtu akishtuka hurudi kwenye alilojifunza kwanza. Mkono ule wa Ndola ukavuta kushoto, mahali niliposimama. Gurudumu likapita juu ya mguu wangu, huu niliokuwa nikikanyagia mashini ya kushona.

Aliruka chini. Akapiga magoti kwenye matope, akanishika kichwa, akafungua mdomo. Kisha nikaona amekumbuka. Nawaambia niliona, kama unavyoona mtu akizima taa ndani ya nyumba. Akafunga mdomo. Akanibeba na unga wake mwilini, akanilaza ndani ya kamyo, akanipeleka hospitali, akawakabidhi mafrateri wa pale, akaondoka bila neno.

Hakuja tena. Dada yangu mkubwa, anayesema kabla ya kufikiri, alikaa kando ya kitanda changu akihesabu watu waliokuja kunisalimu, na Kushoto hayumo. «Ule aliyekuvunja iko wapi?» Nikamwambia ana asiransi. «Asiransi ni nani? Ni baba yake? Kama ni muntu, ikuje basi, ikae hapa chini, ipige makofi, iseme imekosa!» Wagonjwa wote wakamsifu. Kwetu mtu aliyeumiza mwenzake huja na ndugu yake, hukaa chini, hutukanwa mpaka matusi yaishe. Asiyekuja ni kama ameumiza kwa kutaka. Dada alitoka pale akaipeleka habari Kamalondo yote. Kushoto akawa mtu asiye na haya. Wengine walikataa kununua unga wake, wakasema una damu.

Na mimi niliyejua? Niliwasikiliza tu. Moyo wangu ulikuwa na vipande viwili. Kimoja kilitazama mlango wa hospitali kila unapofunguliwa, kikitaka aingie. Kingine kiliogopa asije akaingia, feza ikapotea. Nilimkasirikia kwa kutokuja, na nilimwombea Mungu asije. Sijui kama mnanielewa. Mimi mwenyewe nilichukua muda.

Asiransi ililipa. Haikubishana. Nilinunua mashini ya kuzungusha kwa mkono, nikaweka bati juu ya baraza, na watoto wangu wakala. Kushoto alikuwa amekwisha kuhama nyuma ya nyumba yangu; alihamia mwisho wa barabara, akaoa huko. Na hakuna aliyemwambia kama ile amri ya kunyamaza ina mwisho. Mtu wa kijijini akiapa mbele ya mzungu na karatasi, anaapa moja kwa moja.

Ila akafanya kitu kimoja. Kila alipopita mbele ya baraza langu, kamyo ilipunguza mwendo mpaka ikaenda kama mtu anayetembea kwa miguu. Ilipita hivyo toka mwanzo wa ukuta wangu mpaka mwisho, halafu ikashika mwendo wake tena. Asubuhi akienda, jioni akirudi. Hakugeuza kichwa. Akina mama wa barabarani walimchokoza: «Kushoto, motokari iko na malaria?» Mwingine akadakia: «Hapana, inatafuta bibi!» Nilijua anafanya nini. Alikuwa anakaa chini mbele yangu kwa njia pekee ambayo karatasi haikumkataza. Na mimi, nikisikia ule mngurumo unalegea, niliinamisha kichwa kwenye mashini, nikazungusha kwa nguvu, kama mtu mwenye kazi ya haraka. Hivyo kwa miaka. Sijui hata uso wake ulizeeka namna gani.

Nimeishi nikiona mji huu unajaa makaratasi. Ya kulala hapa, ya kutembea jioni kule, ya kuoa, ya kinga. Sitayatukana. Bila ile ya asiransi ningekuwa naomba mlangoni pa kanisa, na Kushoto angeuza kamyo yake na bado isingenitosha. Zamani aliyekosa alilipa na alikuja, vitu viwili pamoja, na mara nyingi hakuwa na cha kulipa, akabaki kuja tu. Sasa karatasi imeshika kazi ya kulipa, na inaifanya vizuri kuliko sisi. Lakini kule kuja ilikuweka pembeni, na sisi tukakuacha palepale.

Jumanne nilikwenda kwenye kilio. Fimbo yangu ilipogonga mlangoni watu walinipisha. Kaka yake alikuwa amefika kutoka Lukafu, mzee mkavu, mkristo wa kweli, na alikuwa amesimama kando ya maiti akiwa na wasiwasi. Mkono wa kulia wa Kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu.

«Hii ni dawa,» kaka akasema. «Padri akiiona hatatuzikia.»

«Miye sijui, shemeji,» mjane akajibu. «Siku nilimuuliza, ananiambia ni mukono ya Kongo. Ikioza anatafuta ingine. Hata kwa kuoga hakuitoa mukononi.»

«Tuikate. Nani iko na makasi?»

Kila mtu akanigeukia. Fundi hatembei bila makasi, na yangu yalikuwa mfukoni. Yule mzee akaninyooshea mkono wazi. Miaka yote ile kitambaa kilikuwa kwenye mkono wake unaoshika usukani, umbali wa kutupa sarafu kutoka kwangu, na sikuwahi kukiona, kwa sababu nilikuwa nimeinama.

Nikasema: «Si dawa, mzee. Ni miye nilimufunga. Ya kwanza niliikata mwenyewe, na masika ile ile mukono yake ikasahau. Sitakata mara ya pili.» Na pale, dada yangu akiwa amekaa na wanawake, nikaeleza yote: kijana wa Kasai na viatu vyake, ile amri, ule mzaha wetu njiani. Nikawaambia hakunyamaza kwa ukosefu wa haya. Alinyamaza ili mimi nilipwe, na nililipwa, na nilijua. Dada akajifunika uso na kitenge. Nikainama kwa maiti, nikamwambia tu: «Jambo, Kushoto. Nilikuwa nakusikia ukipita.» Wakamzika na kitambaa chake.

Ninyi mnaonunua motokari siku hizi, na mnaorudi nazo kutoka ng'ambo, nendeni mkatafute permi, mkalipe asiransi, msikilize yule karani mpaka mwisho. Akiwaambia mnyamaze, nyamazeni, ili mtu wa watu apate haki yake. Neno langu ni kwa yule atakayekuwa amelala hospitali. Ile karatasi ilifunga mdomo wa Kushoto peke yake. Wangu haikuugusa, wala haikunikataza kuinuka siku moja na fimbo yangu, nikasimama barabarani mbele ya kamyo inayokwenda polepole hivyo, nikampa mkono.