Nilivyomwaibisha Baba Mkubwa Memphis

Watu huenda Memphis kusikiliza muziki. Mimi kisasi changu nilikilipizia huko, na sijutii hata chembe.

Baba yangu, mkulima wa Keza, Ngara, alikuwa anapiga umuduri, ule upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, unaopigwa kwa kijiti. Harusi asiyokuwepo yeye, watu walisema imepooza. Kaka yake, baba mkubwa wangu, ni mwalimu wa kwaya ya parokia. Siku ya harusi ya dada yangu alimnyang'anya baba umuduri mbele ya wakwe, akaukata waya kwa kisu cha nyama, akasema kelele za walevi zimekwisha katika ukoo huu. Wakwe wakacheka. Baba akaenda kukaa nyuma ya jiko, na tangu siku hiyo hakupiga tena. Nikaapa: mtu huyu lazima aaibike, tena hadharani, na mimi niwepo.

Nikangoja miaka. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Nyamiaga, na kwaya ilipoalikwa na parokia rafiki ya Memphis, ikahitaji mkalimani. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Masikini! Hakujua anajichongea.

Mji ule una joto, unanuka nyama ya nguruwe ya kuchoma, na kila mlango una gitaa lake. Baba mkubwa, ndani ya suti, alinung'unika njia nzima kwamba hizo ni nyimbo za baa. Wenyeji wakatupeleka kwenye makumbusho. Kulikuwa na ubao mmoja ukutani, una waya mmoja uliokazwa kwa misumari, na chupa chini yake. Mzee aliyetuongoza, mweusi kama sisi, alivua kofia kabla ya kuusogelea. Akasema babu yake alijifunzia kwenye waya kama ule, na kwamba muziki wa bluzi wa mji mzima umetokea hapo. Akachukua mwingine wa kuonyeshea, akaupiga. Weee! Nywele zilinisimama. Nilimsikia baba kabisa.

Baba mkubwa alipoona watu wanapiga picha, akataka sifa.

"Waambie hata kwetu tunao. Mdogo wangu ni fundi hasa."

Nikatafsiri. Uso wa mzee ukang'aa.

"Anauliza mbona hatukuja naye," nikamwambia baba mkubwa.

Akababaika. "Sema... sema amezeeka."

"Hilo silisemi."

Nikamgeukia mzee, nikamweleza yote kwa Kiingereza: kisu, wakwe, kicheko. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika. Wanakwaya waliokielewa Kiingereza wakainamisha vichwa. Mzee akamtazama baba mkubwa, akaingia chumba kingine bila kumpa mkono.

"Umewaambia nini?" baba mkubwa akaniuliza, jasho linamtoka.

"Kweli tupu, baba mkubwa."

Roho yangu ikawa kwatu. Kwenye ndege nililala usingizi mnono.

Wanakwaya wakafika Ngara na midomo yao, na habari zikaenea hadi sokoni. Kwetu, aliyemkosea nduguye humpelekea mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Nyumba nzima ikishavuta kwa mrija, kesi imekwisha. Jumapili moja baba mkubwa, ambaye hata kuipita pombe hupita ameziba pua, akaja uani kwetu na mtungi.

"Mdogo wangu, nilikukosea."

Nilikuwa namwomba Mungu baba aukatae. Thubutu! Baba akacheka kwa furaha, akavuta, akampa kaka yake mrija. Mama akavuta, dada akavuta. Ukanifikia mimi, wote wananitazama.

"Kunywa, mwanangu, yaishe," baba akasema.

"Kwa hiyo utapiga tena, baba?"

Baba akainua mkono wake wa kulia na kujaribu kuukunja, kama anayeshika kijiti. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, havikufunga. Akaushusha taratibu, bado anatabasamu, kama vile ni jambo dogo.

Baba mkubwa akaangalia chini. Nikaurudisha mrija mtungini, nikasimama. Sikunywa, na sitakunywa.