Chupa ya Tembo Njiani kwenda Timbwani

Kwetu mtu haendi kuposa mikono mitupu. Hupeleka tembo la mnazi ndani ya buyu, na mdomo wa buyu huzibwa kwa makumbi ya nazi. Pasipo tembo wazee wa msichana hawaanzi maneno. Baba wa msichana niliyemtaka alikuwa amekwisha kuiahirisha siku yetu mara moja, nami niliogopa kwamba tukifika bila kitu hatatupa nyingine.

Asubuhi hiyo buyu letu likapasuka. Nikatafuta chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya siki, nikamimina tembo ambalo mgema alituletea alfajiri, likafika karibu na shingo. Nilikuwa mtu wa haya, na hofu yangu kubwa ilikuwa kulimwaga mbele za watu. Basi nikachonga kizibo cha mti, nikakivika kipande cha mpira wa baiskeli, nikakishindilia, kisha nikakifunga kwa waya. Wakati ule wa vita mpira wa baiskeli ulikuwa adimu. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Tuliondoka kwetu Shika Adabu kwa miguu, watu watatu: mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, shangazi, na mimi na chupa yangu begani. Jua lilikuwa limepanda. Tulipokaribia Timbwani nikasikia mlio mwembamba sikioni, kama wa nyoka. Nikaitua chupa. Kioo kilikuwa cha moto, waya umekazana, na kizibo kimeinuka kidogo.

Shangazi akarudi nyuma. Akasema posa gani hii ya kubeba bomu, na vita vikifika Likoni watu watajua vimetoka kwetu.

Mjomba akatoa kisu akate waya. "Tulifungue lipumue, mpwa wangu."

Sikuwa na desturi ya kumkataza mjomba. Lakini nilikumbuka baiskeli yake, niliyoijaza upepo hadi mwisho nikaiacha juani, gurudumu likapasuka pasipo kuguswa. Upepo haukuwa umeongezeka. Jua liliuzidishia nguvu tu, nao haukuwa na nafasi ya kutanukia. Na humu chupani mambo yalikuwa mawili, maana tembo linapochacha hutoa hewa yake lenyewe. Ndani ya buyu hewa hiyo hupenya kwenye makumbi kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimeifungia njia, na kioo hakitanuki. Tukilifungua lingali moto, litatoka lote kwa povu, tuingie na chupa tupu.

"Tusifungue, mjomba. Tulipoze kwanza."

Mjomba alinitazama, akatazama chupa, akarudisha kisu.

Tuliomba maji ya kisima kwenye nyumba iliyokuwa karibu na njia, tukaiweka chupa barazani kivulini na kuifunika shuka iliyolowa. Shangazi alimimina maji akiuliza kila mara kama bomu limelala. Tulikaa pale hadi mjomba akaanza kulalamika kwamba wazee wa msichana watadhani tumeghairi. Mlio ukafifia, kisha ukakoma. Nilipokigusa kioo kilikuwa baridi.

Nikakikamata kizibo kwa shuka, nikalegeza waya taratibu. Hewa ikatoka fyuu. Nikakaza, nikangoja, nikalegeza tena. Povu lilinilowesha vidole, basi. Hewa ilipokwisha kutoka nilikitoa kizibo, nikaomba makumbi pale pale nikaziba kama walivyoziba wazee wangu.

Tulipofika, baba wa msichana aliuliza kwa nini chupa imevikwa nguo iliyolowa. Mjomba hakuficha lolote. Alisimulia yote, na shangazi akaongeza yale ambayo hayakuwapo, wakacheka wakati mimi nimesimama nyuma yao nikitazama sakafu.

Kisha msichana akaitwa. Ilikuwa kawaida yetu aulizwe yeye kama tembo linywewe, na akikataa, tembo hurudishwa lilikotoka na posa imekwisha. Aliitazama chupa kwanza, halafu akanitazama mimi.

"Linyweni, baba," akasema. "Wameshalihangaikia."

Baba yake akanyoosha kata ya kunywea. Ndipo nikaketi. Tangu tufike nilikuwa nimesimama, na wala sikujua.