Kamusi Anajipinga Mwenyewe

Wewe ungeweza kusimama mbele ya watu watatu ukawasihi wakunyime kitu unachokililia?

Kamusi aliweza. Jina hilo alipewa nyumbani alipoanza shahada ya Kiingereza, maana hakuna aliyekwama kwenye barua ya benki bila kumwita. Alipohitimu, mjomba wake alimtafutia kazi ya kufundisha sekondari. Kijana akaipiga teke. Alitaka uzamili wa falsafa.

Mama yake aliacha kukunja nguo. "Falsafa? Mwanangu, hiyo watu wanaisoma au wanaugua?"

"Wanasoma, mama. Wanatafuta ukweli."

"Umepotelea wapi huo ukweli hadi utafutwe kwa ada?"

"Mwache, dada," mjomba akasema. "Ile kazi naizuia mpaka kesho asubuhi. Ikipita hapo, nampa mtoto wa jirani, na huyu akale ukweli wake."

Idara ya Falsafa ilikuwa ghorofani, juu ya Idara ya Kiingereza, ndani ya chumba chenye dirisha lisilofungika. Nayo ilikuwa na desturi yake: kila mwombaji sharti atetee hoja kwamba yeye hafai kupokelewa. Anayeshindwa kujipinga, walisema, hajui kufikiri.

Siku hiyohiyo, mbele ya wahadhiri watatu, Kamusi akawaka moto. "Walimu wangu, msinipokee! Nimefundishwa kuipenda sentensi nzuri hata ikiwa ya uongo. Nimewalilia watu ambao hawajawahi kuzaliwa! Nikiingia humu nitawaletea uongo uliovaa suti, nanyi mtaupigia makofi!"

Wakampigia makofi. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza.

"Amejipinga barabara," akasema mhadhiri wa mantiki, mama mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani. "Apokelewe."

"Tukimpokea, tumesema hoja yake ni mbovu," akajibu mhadhiri wa maadili, mzee wa kukohoa kila baada ya koma. "Mwenye hoja mbovu tunampokea wa nini?"

"Haya, akataliwe."

"Tukimkataa, hoja yake imeshinda. Mshindi anakataliwaje, mama?"

"Samahani wazee wangu," Kamusi akaingilia kati, jasho likimtoka. "Kwa hiyo mimi niende au nikae?"

"Nyamaza, kijana. Haya hayakuhusu."

Mkuu wa idara, mwenye neno la mwisho, alikuwa akilitazama lile dirisha kama mtu aliyeibiwa akiwa macho. "Uongo uliovaa suti," akanong'ona. "Na mimi, uzee huu, sijawahi kupenda sentensi hata moja." Akaahirisha kikao. Jibu lingetolewa kesho yake.

Asubuhi Kamusi alifika chuoni simu ya mjomba ikimlilia mfukoni. Mlangoni pa Idara ya Kiingereza palikuwa na foleni ya wanafunzi wapya, na katikati yao, begi mgongoni, alisimama mkuu wa Idara ya Falsafa akibishana na karani.

"Lakini profesa, wewe una shahada tatu!"

"Zote kavu, binti yangu. Niandikishe."

Alipomwona Kamusi akamwashiria ngazi. "Panda juu, umepokelewa. Hoja yako nimeikubali yote, ndiyo maana nimeshuka mimi."

Kamusi akaizima simu. Foleni ikasogea. Karani akatikisa kichwa, akamwonyesha mzee darasa, naye profesa akatimua mbio koridoni huku begi likimdundadunda, akiwapiga vikumbo vijana asije akakosa kiti cha mbele.