Mpagazi wa Fundi Miwani

Pale kwenye duka la miwani walimwita Fundi, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma: kukata lenzi kwa mashine inayotiririsha maji, kusaga kingo, kukaza skrubu ndogo kama ufuta. Mkono wake haukuwa na mzaha. Ila tangu mumewe afungashe nguo akaenda kuishi na mwingine, yapata miezi minane sasa, mambo yalikuwa hayamfikii. Dada wa mapokezi akitoa kichekesho, Fundi alicheka wenzake wakishanyamaza. Waliomuuliza hali aliwajibu, "Nipo," wakaridhika.

Jumamosi mchana, duka likishafungwa, meza ya chumba kile ilifutwa vumbi ikawa meza ya mchezo. Yeye na jamaa zake walicheza safari za kubuni: kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, anamwamulia la kufanya, na dadu ndiyo inayosema kama limefaulu. Fundi alikuwa msimulizi. Yeye ndiye aliyejua njia, mito na mitego, na ndiye aliyesema kwa niaba ya kila waliyekutana naye, toka bawabu hadi mfalme. Dada yake mkubwa, msusi mwenye ulimi mwepesi, alicheza mpiga mishale. Shemeji yake seremala, mume wa dada huyo, alicheza mganga. Wa tatu alikuwa mume wa Fundi mwenyewe. Alipoondoka, Fundi akaziba pengo kwa mhusika wake mwenyewe, mpagazi wa kubeba mizigo, akawa anamwendesha pamoja na hayo mengine yote.

Kisha seremala akamleta jirani yake, mwalimu wa hesabu. Siku ya pili tu mwalimu akaweka penseli chini.

"Samahani, Fundi. Huyu mpagazi ni wako?"

"Ni wangu."

"Na wewe ndiye unayejua mlango upi una mtego?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni hakimu, na kesi ni yako. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sitaki ugomvi, lakini mchezo hauendi hivyo."

Seremala akakohoa. "Mwalimu, shemeji yangu hana tamaa."

"Sijasema ana tamaa. Nasema ngozi iko mkononi mwake."

Fundi alijitafutia hasira, kama mtu anayepapasa mfuko, asiikute. Akamsukumia daftari la safari. "Kila kitu nimeandika. Angalia."

Mwalimu akafuata mistari kwa kidole kama anayesahihisha mtihani, akitafuta mahali mpagazi alipopendelewa. Kadiri alivyofunua ndivyo sauti ilivyompungua. Darajani, aliyetangulizwa kujaribu mbao: mpagazi. Aliyeumwa na nyoka: mpagazi. Baridi ya mlimani, mablanketi mawili, watu watatu, aliyekosa: mpagazi. Na katika kurasa zote hizo mpagazi hakuwa amesema neno hata moja.

"Nimekosea," mwalimu akasema polepole. "Huvutii kwako. Unamsukuma."

Dada akalichukua daftari, akasoma. Ule ulimi mwepesi ukawa mzito.

"Mdogo wangu, huyu kakukosea nini?"

"Hajanikosea, dada. Lazima mtu aumie. Mngeumia nyinyi mngenuna."

"Na yeye hanuni?"

"Hajawahi."

"Nipe mimi leo nimwendeshe."

Fundi akampa karatasi. Jambo la kwanza alilofanya dada ni kumtua mpagazi mzigo katikati ya njia na kumkalisha chini.

"Anasema hatembei."

"Mvua inakuja," msimulizi akasema.

"Anaiona."

"Wenzake watamwacha."

"Mganga haendi popote," seremala akasema. "Anakaa naye."

"Na wangu pia," mwalimu akasema.

Fundi alikuwa ameandaa majambazi nyuma ya kilima. Akaitazama karatasi yao, akaigeuza kifudifudi. "Mvua ikanyesha," akasema. "Ikawalowesha wote."

"Nina njaa," dada akasema kwa sauti ya mpagazi, nzito, ya chini.

Ilibidi Fundi apekue orodha ya mizigo. "Kuna mkate. Umo kwenye mzigo ulioubeba."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kazi."

Hakuna aliyecheka. Wakaugawana mkate ule wa kwenye karatasi, na mchezo ukaishia hapo.

Wakakubaliana mpagazi abaki kwa dada, na msimulizi asiwe tena na mhusika wake. Fundi hakulia wala hakujisikia mwepesi. Alifuta meza, akazima taa, akafunga mlango kwa funguo mbili.

Nje dada akamshika mkono. "Umehisi chochote mle ndani?"

Fundi akajipekua kwa uaminifu. "Bado."

"Haya. Jumamosi ijayo tuje kwako nyumbani?"

Tangu mume aondoke hakuna mtu aliyewahi kukanyaga pale. Fundi akafikiri kidogo.

"Njooni. Ila mje na viti viwili, vile vingine alivichukua."